Vyumba sita Iyunga na miezi ishirini na moja isiyolipwa

Mwalimu wa shule ya msingi alistaafu mwaka 2023, wakati kikokotoo cha mkupuo (sehemu ya mafao ya kustaafu inayolipwa kwa mara moja) wa asilimia 33 kikiwa kinatumika. Kiwanja alikuwa nacho siku nyingi, upande wa Iyunga jijini Mbeya, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kile ambacho kila mtu anakiita MUST. Fedha ilipoingia hakuyumba. Alijenga vyumba sita vya masta kwa mstari mmoja, matofali ya kuchoma, bati, kila chumba na choo chake ndani, karo moja la majitaka nyuma ya nyumba, mita moja ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) na mita moja ya maji. Bila kuhesabu kiwanja, ujenzi ulikula Sh milioni 42. Novemba mwaka huohuo wanafunzi wakaingia, kila chumba Sh 70,000 kwa mwezi.

Wahusika na hesabu za kisa hiki nimeviunda kwa kuchanganya mambo yanayowakuta wenye nyumba wengi wa kipato cha kati. Sheria, viwango vya serikali na barabara inayotajwa ni vya kweli.

Mwaka ulipokwisha alikuja mfanyabiashara mwenye duka la dawa muhimu na pendekezo. Mbele ya kiwanja, kona inayotazama barabara kuu iendayo Tunduma, kuna nafasi. Yeye atajenga fremu mbili, yaani vyumba vya maduka, kwa fedha zake, Sh milioni 14. Kodi itakuwa Sh 100,000 kwa kila fremu, na atakaa akijikata humo mpaka gharama yake irudi. Akimaliza, fremu ni za mwalimu, naye ataanza kulipa kodi kama mpangaji yeyote. "Mwalimu, wewe hutoi hata senti," alimwambia.

Kijana wa mwalimu alilipenda pendekezo hilo papo hapo. Binti yake aliyeko Iringa, ambaye ndiye anayetunza daftari la nyumba, aliomba subira. Kabla ya kujenga kingine, alisema, tujue hiki kilichopo kinaleta nini. Ndipo mambo yalipoanza kuonekana.

Daftari linasema nini

Hesabu ya kijana ilikuwa ile ambayo karibu kila anayejenga vyumba vya kupangisha huiandika nyuma ya bahasha: vyumba sita, mara elfu sabini, mara miezi kumi na miwili. Sh 5,040,000. Ukigawa kwa milioni 42 unapata asilimia 12 kwa mwaka. Si haba.

Daftari la binti lilikuwa na hesabu nyingine. Kati ya miezi ya vyumba 72 (sita mara kumi na miwili), iliyolipwa ni 51. Yaani Sh 3,570,000. Miezi ishirini na moja haikulipwa, na binti aliipanga kwa sababu zake. Chumba cha sita, kile kilicho karibu na karo, kilikaa kitupu tangu Novemba mpaka Februari kwa sababu ya harufu na unyevu ukutani. Kikaja kuchukuliwa Machi na kijana anayefanya kazi kiwandani. Hiyo ni miezi minne. Mwanafunzi mmoja aliondoka na deni la miezi miwili. Iliyobaki, miezi kumi na mitano, ilipotea kwa jambo ambalo halikuwa ajali wala ukorofi wa mtu: vyumba vitano vya wanafunzi vilikuwa wazi Agosti, Septemba na Oktoba.

Kisha matumizi. Gari la kunyonya majitaka Sh 150,000 kwa mwaka. Vitasa, mabomba, rangi na fundi 310,000. Maji ambayo wapangaji waliondoka bila kuyalipa 96,000. Umeme wa taa za nje na wa miezi ambayo vyumba vilikuwa wazi 74,000. Kodi ya jengo 18,000, kodi ya ardhi 42,000. Jumla Sh 690,000. Kilichobaki mkononi ni Sh 2,880,000, chini kidogo ya asilimia 7 ya fedha iliyozikwa pale.

Hapa kijana alisema jambo ambalo ni haki kulipima: basi bora fedha ingekwenda hatifungani, yaani kuikopesha serikali kwa riba. Serikali, kupitia Benki Kuu, imewahi kuuza hatifungani za miaka 25 zenye riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka, na baadaye nyingine za muda huohuo zenye asilimia 12.56. Mtu wa kawaida anaingia kuanzia Sh milioni moja na riba inalipwa kila baada ya miezi sita. Kwa asilimia 12.56, milioni 42 ingeleta zaidi ya Sh milioni 5.2 kwa mwaka bila kugombana na mtu kuhusu kitasa.

Sikubaliani naye moja kwa moja. Riba ya hatifungani haipandi. Sh milioni 5.2 ya leo ndiyo utakayopokea mwaka wa ishirini, wakati kilo ya mchele wa Kyela haitakuwa bei ya leo. Kodi ya chumba inapanda, na kiwanja kilicho jirani na chuo hakishuki thamani kirahisi. Lakini kijana ana haki katika jambo moja: mtu anayepata asilimia 7 na kazi juu yake hana sababu ya kujivunia kuwa na nyumba. Nyumba ya namna hiyo inapaswa kukaribia angalau asilimia 9 au 10 ndipo uvumilivu wake uwe na maana. Na kwa daftari lile, njia ya kufika huko haikuhitaji tofali jipya.

Kalenda ya chuo

Wanafunzi wanaokaa mageto nje ya chuo wanaishi kwa kalenda mbili: ya masomo na ya boom. Mwaka wa masomo unaanza Oktoba au Novemba na kumalizika Julai au mwanzoni mwa Agosti. Boom, ile fedha ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo, imekuwa Sh 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23, kutoka 8,500, nayo haiji kila mwezi; inakuja kwa mafungu. Mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi sita mbele anapata mwanafunzi ambaye amekopa kwa mjomba Novemba na kukauka kabisa Machi. Anayedai kila mwezi anapata ahadi. Yule mwanafunzi aliyeondoka na deni la miezi miwili alikuwa mtu wa kawaida kabisa, si mkorofi, na alikuwa ameahidi kulipa boom ikitoka. Boom ilitoka akiwa ameshafunga mabegi.

Mwalimu alikuwa amewaambia wote kwa mdomo: miezi sita mbele, kisha tutaongea. Waliolipa Novemba walimaliza Aprili, wakalipa mitatu ya Mei, Juni na Julai, wakaondoka. Ukimwacha yule wa deni, hakuna aliyevunja makubaliano, maana hakukuwa na makubaliano yanayosema lolote kuhusu likizo.

Ushauri ambao familia iliufuata una sehemu mbili. Ya kwanza, vyumba vitatu, kikiwemo kile cha karibu na karo baada ya kurekebishwa, viende kwa watu wasio na likizo: vijana wa viwandani Iyunga, mafundi, manesi, walimu wanaoanza kazi. Hawa mara nyingi wanataka bei ya chini kidogo na wanaleta jiko, kitanda na mtoto, na baadhi ya wenye nyumba wanawakimbia kwa sababu ya mtoto. Lakini mpangaji mwenye mtoto haondoki Agosti. Ya pili, vyumba vitatu vya wanafunzi vilipwe kwa muhula, na kwa miezi ya likizo mwanafunzi anayetaka kurudi chumba kilekile alipe nusu, Sh 35,000 kwa mwezi, ili vitu vyake vibaki ndani na chumba kisipewe mwingine. Asiyetaka aondoke na kurudisha ufunguo, na chumba kitangazwe mapema kwa wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo au kozi fupi.

Kwa mpango huo, hata ukiweka miezi miwili ya vyumba vitupu kwa ajili ya kupishana wapangaji, makusanyo yanafika Sh 4,585,000. Matumizi yakibaki yaleyale, kinachosalia ni Sh 3,895,000, asilimia 9.3. Bila kupandisha kodi hata kwa shilingi.

Chumba cha sita kinastahili maneno mawili zaidi. Mbeya mvua zinaanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei, na karo lililochimbwa mita chache kutoka ukutani, bila mfereji wa kupitisha maji ya paa, linajaa kwa maji ya mvua kabla halijajaa kwa kazi yake. Ile Sh 150,000 ya gari la majitaka ilikuwa sehemu kubwa ni gharama ya kunyonya mvua. Gata, mfereji na mfuniko wa karo uliofungwa vizuri vinatibu harufu, unyevu na bili kwa pamoja. Fundi aliyejenga alijua. Gata ilikuwa kwenye makadirio ya mwanzo, ikaondolewa ili fedha itoshe vigae. Vigae ndivyo vinavyopigwa picha na dalali.

LUKU moja, milango sita

Ugomvi mkubwa wa mwaka ule haukuwa kodi. Ulikuwa umeme, na ulipamba moto Juni, baridi ya Mbeya ilipokolea. Utaratibu ulikuwa wa kuchanga: kila chumba kinatoa kiasi sawa, mmoja ananunua tokeni. Vyumba viwili vilikuwa na hita za kuchemshia maji ya kuoga na kimoja kilikuwa na jiko la koili. Vitatu vilikuwa na taa na chaja ya simu. Unaweza kukisia nani aliacha kuchanga kwanza.

Chini ya ugomvi huo kuna hesabu ambayo wapangaji hawakuiona. Mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi anauziwa uniti moja kwa Sh 100 kabla ya tozo. Anayezidi kwa mazoea huhamishiwa kundi la kawaida la Sh 292. Juu yake kuna VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1, kwa hiyo uniti inafika Sh 122 kwa mdogo na takriban Sh 356 kwa mwingine. Nyumba ya vyumba sita kwenye mita moja, hata kila mmoja akitumia uniti 30 tu, inafika uniti 180 na haina nafasi katika kundi la wadogo. Wanalipa karibu Sh 64,000 kwa mwezi kwa umeme ambao, kama kila chumba kingekuwa na mita yake katika kundi la chini, ungegharimu karibu Sh 22,000. Watu sita wa hali ya chini wanalipa kama tajiri mmoja kwa sababu wamefungwa pamoja.

Kuunganisha mita mpya mjini kwa njia moja, ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo, kuliwekwa Sh 320,960 mwaka 2022. Mita tano za nyongeza ni Sh 1,604,800. Nafuu ya Sh 42,000 kwa mwezi ingerudisha fedha hiyo kwa miezi 38 hivi. Shida ni kwamba anayetoa fedha ni mwalimu na anayepata nafuu ni mpangaji. Kijana alitaka kodi ipande kwa Sh 10,000 kila chumba. Mimi naona Sh 5,000 inatosha: mpangaji anabaki na nafuu ya kama Sh 2,000, na zaidi ya hapo anapata amani ya kutojua jirani yake anapika nini. Kwa mwalimu ni Sh 30,000 kwa mwezi, miaka minne na nusu mpaka fedha irudi. Si biashara ya kukimbilia. Inafaa kufanywa kwa awamu, kuanzia vyumba vya wafanyakazi, maana hao ndio watakaokaa muda wa kutosha kuithamini. Kwa wanafunzi, mita ndogo za ndani ambazo fundi anafunga kila mlango zinatosha kumaliza ugomvi wa nani katumia nini, ingawa hazirudishi bei ya uniti chini.

Lipo na jambo la kodi ya jengo, dogo kwa fedha na kubwa kwa kelele. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, na tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida inakatwa Sh 1,500 kwa mwezi. Inamkata yeyote anayenunua tokeni ya kwanza mwezi ule. Mwanafunzi wa chumba namba mbili alikatwa mara nyingi kuliko wote kwa sababu alikuwa na bidii ya kununua. Kodi hiyo ni ya mmiliki. Anayeilipa kwa niaba yake ana haki ya kurudishiwa au kuikata kwenye pango. Mwalimu aliwarudishia wote, Sh 18,000 ile iliyo kwenye daftari. Mita zikiongezeka, lazima ihakikishwe kuwa ni moja tu iliyofungwa kodi ya jengo. Nyumba ni moja.

Fremu

Sasa turudi kwa mwenye duka la dawa, ambaye kwa haki yake si mlaghai. Mpango wa mpangaji kujenga na kujikata kodi ni wa kawaida sana Mbeya, Makambako, Tunduma, kila mahali ambako barabara ni nzuri na mwenye kiwanja hana fedha. Milioni 14 kugawa kwa laki mbili ni miezi 70. Miaka mitano na miezi kumi.

Jambo la kwanza lilikuwa la futi kamba. Barabara kuu ina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati, kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007. Zamani ilikuwa mita 22.5. Watu wa Mbeya wanaijua hesabu hiyo kwa rangi: alama ya X nyekundu kwa aliyejenga ndani ya mita 22.5, ambaye havuni fidia, na ya kijani kwa yule ambaye upanuzi wa sheria ulimkuta pale alipo. Atakayejenga leo ndani ya mita 30 hana rangi ya kumtetea. Tena hii ni barabara ambayo inajengwa njia nne, kutoka Nsalaga, Uyole, mpaka Ifisi, kilomita 29 zinazopita katikati ya jiji, Iyunga ikiwemo. Barabara ikipanuliwa, katikati yake inaweza isibaki ilipokuwa. Kipimo cha kamba ya fundi kilitoa mita 34 kwenye kona moja ya kiwanja na 28 kwenye nyingine. Kwa maneno mengine fremu moja inaingia, ya pili imesimama kwenye hifadhi. Mwenye duka alisema wengine wamejenga karibu zaidi. Ni kweli, na hao ndio waliowahi kuamka na kukuta X.

Kwa hiyo kabla ya jiwe la msingi kuna safari mbili. Ofisi ya mkoa ya TANROADS, wakala wa barabara, ili mpaka wa hifadhi uonyeshwe kwa maandishi, na Halmashauri ya Jiji, kwa kibali cha ujenzi na kwa matumizi ya kiwanja, kwa sababu hati ya mwalimu inasema makazi na duka ni biashara. Mwenye duka alitaka kuanza Jumatatu.

Jambo la pili ni bei. Nani anasema fremu mbili ni milioni 14? Anayejenga ndiye anayeandika gharama, na kila laki anayoiongeza inamnunulia nusu mwezi wa kukaa bure. Sina maana kwamba anaiba. Nina maana kwamba makadirio yafanywe na fundi wa upande wa mwalimu, kiwango cha juu kiandikwe, na risiti za EFD ziambatanishwe. Pia laki moja kwa fremu ya pale, kwa miaka karibu sita bila kubadilika, ni bei ya mtu anayejua barabara inapanuliwa. Laki na elfu ishirini, na kupitiwa upya kila miaka miwili, ni mazungumzo ya haki.

La tatu ni kodi ya zuio. Mfanyabiashara anayelipa pango anatakiwa kukata asilimia 10 na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato. Pango likilipwa kwa matofali na bati, halijaacha kuwa pango. Kwa milioni 14 hiyo ni Sh milioni 1.4, na katika mazungumzo yote hakuna aliyeitaja. Isipoandikwa ni ya nani, siku TRA watakapouliza kila mmoja atamwangalia mwenzake. Mkataba wenyewe lazima ulipiwe ushuru wa stempu. Waraka usio na stempu haupokelewi mahakamani kuwa ushahidi, na wenye nyumba wengi hulijua hilo siku ya kesi.

Na la nne, ambalo nadhani ni zito kuliko yote, ni miaka sita yenyewe. Mwalimu ana umri wa kustaafu. Pango la mwaka mmoja au pungufu sheria inalivumilia hata likiwa la mdomo; la miaka sita lisiloandikwa ni kumwachia kijana na binti ugomvi wa urithi na mtu wa tatu ndani yake. Mwalimu akifariki mwaka wa tatu, nani anathibitisha deni limebaki miezi mingapi? Mwenye duka akifariki, mjane wake anarithi nini, duka au haki ya kukaa? Akiuza biashara, je? Na akipangisha fremu ya pili kwa mtu wa miamala ya simu kwa laki na nusu huku yeye akijikata laki moja? Hilo la mwisho ndilo linalotokea mara nyingi. Mjenzi anakuwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba anakuwa mtazamaji.

Kijana aliuliza mgogoro ukitokea utaishia wapi. Mwenyekiti wa mtaa anasikiliza. Baraza la Kata, tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, linapatanisha tu, halitoi hukumu. Hukumu ni ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko watu wanakwenda na karatasi. Hii inahusu pia yule mwanafunzi wa deni la Sh 140,000: kijana alikuwa amenunua kufuli ili akafunge mlango. Kumfungia mpangaji nje na vitu vyake ndani ni kumpa yeye kesi. Kwa deni la kiasi kile, barua kwa mzazi kupitia mwenyekiti wa mtaa ina nguvu kuliko kufuli na ni nafuu kuliko wakili.

Kuna jambo moja ambalo halikuonekana mpaka binti alipochora kiwanja kwenye karatasi. Fremu mbili upande wa mbele zingeziba njia. Gari la majitaka lisingefika kwenye karo. Mpira wake una urefu wake, na nyuma ya vyumba hakuna njia nyingine. Mtu angekuwa amejenga milioni 14 mbele ya tatizo la laki na nusu, na tatizo hilo lingeanza kudai milioni.

Walipofika

Fedha kidogo ya mwalimu, Sh milioni 3 aliyokuwa amebakiza, inakwenda kwanza kwenye gata, mfereji na mfuniko wa karo, kisha mita mbili za LUKU kwa vyumba viwili vya wafanyakazi. Kijana wa kiwandani yumo katika kimoja. Mikataba ya kurasa mbili imeandikwa kwa Kiswahili kwa vyumba vyote, yenye kifungu cha likizo, Sh 70,000 ya dhamana inayorudi kama chumba kiko sawa, na usomaji wa mita ya maji siku ya kuingia na ya kutoka. Wanafunzi wawili walilalamikia dhamana. Mmoja alihama.

Kwa mwenye duka jibu lilikuwa fremu moja, kwenye kona ya mita 34, nyuma ya mstari utakaoonyeshwa na TANROADS, ikiacha lango la gari. Makadirio ya fundi wa mwalimu ni milioni 7. Kwa laki na elfu ishirini kwa mwezi hiyo ni miezi 58 au 59, bado mirefu, lakini ni deni linalojulikana lina urefu gani. Kijana alipendekeza mwalimu, yaani mama yake, ajenge mwenyewe kwa kodi ya mbele ya miezi 24, yaani Sh 2,880,000, na mkopo wa Saccos. Nilipinga. Mkopo wa ujenzi unaolipwa kutoka kwenye pensheni ya kila mwezi unaweka hatari mahali pasipofaa. Afadhali fedha ya mwenye duka ndiyo ikae hatarini, maana ndiye anayejua biashara yake.

Mwenye duka amekubali karibu yote. Asilimia 10 ya TRA, kama Sh laki saba kwa muda wote, itakuwa juu yake. Atailipa yeye na kuonyesha risiti, na haitaongezwa kwenye deni la ujenzi. Anachokataa ni kifungu kinachomzuia kupangisha sehemu ya fremu kwa mtu mwingine bila idhini ya maandishi. Anasema dirisha dogo la miamala ni kawaida kwa duka lolote. Mwalimu anasema dirisha ni sawa, lakini kodi ya dirisha igawanywe nusu kwa nusu na nusu yake ipunguze miezi. Mazungumzo yamekwama hapo, na barua ya TANROADS bado haijatoka, kwa hiyo hakuna anayekimbizana na mwenzake.